Kesho Utasimama na Nani?

"Nyasi za hapo umeshazifyeka mara tatu, Colman Tarpey. Ukizidi kidogo utamkata marehemu vidole."

Aliyesema hivyo alikuwa mzee Festus Gannon, ambaye alikuwa ameketi juu ya jiwe la kaburi la shemeji yake akivuta kiko, maana yeye na kazi walikuwa wameshaachana zamani. Watu waliokuwa wakipalilia karibu wakaangua kicheko. Colman naye akacheka, masikio yamemwiva kwa aibu, lakini hakuhama. Aliendelea kupitisha fyekeo palepale, ndani ya gofu la kanisa, chini ya tundu kubwa la dirisha la mashariki. Kutoka hapo, na hapo tu, aliweza kumwona vizuri Dervla Heneghan, aliyekuwa amepiga magoti kule ukutani akiusugua msalaba wa baba yake kwa brashi na maji.

Na Dervla alijua kwamba anaangaliwa. Mwanamke gani asingejua? Hakuinua macho, lakini shingo yote ilikuwa imemwaka moto, na ule msalaba aliusugua mpaka jiwe likaanza kuchujuka.

Ilikuwa Jumamosi ya kusafisha. Kesho yake Padri Loftus angekuja na maji ya baraka kuzunguka makaburi yote ya Kiltarsna, ya nje na ya ndani ya gofu, na parokia nzima ingekuwapo, hata wale wa Dublin na Uingereza ambao mwaka mzima hawaonekani. Kila mtu angesimama kwenye kaburi la watu wake. Sasa hapo ndipo penye mambo. Kiltarsna uchumba hautangazwi kwa pete. Msichana akisimama Jumapili hiyo kwenye kaburi la watu wengine, kando ya kijana wao, basi habari imekwisha. Kabla viazi havijaiva majumbani, kila jiko limeshajua kuna harusi.

Na Colman alikuwa ameshamwambia. Juma lililopita, nje ya duka la posta, mvua ikiwanyeshea wote wawili bila mmoja wao kukumbuka kujikinga, alimwambia, "Jumapili njoo usimame na sisi, Dervla." Hakuongeza neno. Ya kupendana walikuwa wameshayasema tangu kiangazi kilichopita, mengine kwa mdomo na mengine kwa macho tu, kanisani, wakati watu wazima wamefumba yao.

Dervla alikuwa bado hajamjibu.

Maji ya ndoo yalipokuwa meusi, akainuka kwenda kuchota mengine kisimani, nyuma ya gofu, mahali ambapo mimea imetambaa juu ya ukuta mpaka jiwe halionekani. Hakufika mbali. Alisikia nyayo nyuma yake, akajua ni za nani bila kugeuka.

"Hiyo ndoo nzito. Nipe."

"Iko tupu, Colman."

"Basi nitakubebea ikijaa."

"Watu wanatuona."

"Kesho si wataona zaidi?" Alikuwa anatabasamu. Colman akitabasamu, upande mmoja wa mdomo ulikuwa ukitangulia na mwingine ukifuata, na Dervla alikuwa hajawahi kuuona mdomo ule bila kutamani kuugusa. "Au sivyo?"

Dervla akaitua ndoo chini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, lakini sasa alipomwona mbele yake, jasho limemlowesha shati na vipande vya nyasi vimemganda kwenye nywele, yote yakamtoka kichwani.

"Kesho sitaweza," akasema.

Tabasamu la Colman likabaki usoni kidogo, halijajua pa kwenda. "Hutaweza au hutaki?"

"Usinifanyie hivyo! Unajua ninavyotaka. Nataka mpaka usingizi siupati. Lakini mama yangu nitamwacha na nani? Kaka zangu wote wako Birmingham, kazi yao kuleta kadi ya Krismasi. Nikija kwenu, mama atabaki peke yake pale ukutani, parokia nzima inapita ikimtazama. Na mimi nitakuwa nimesimama wapi? Juu ya kaburi mlilotunyang'anya!"

"Hatukuwanyang'anya."

"Mlifanyaje basi? Mliazima?"

Lilikuwa jambo la zamani hilo, Dervla akiwa bado tumboni, mwaka ule wa theluji kubwa. Babu yake Colman alifariki theluji ikiwa imefika madirishani. Kule Kiltarsna kaburi huchimbwa na majirani, wala hakuna wa kuwalipa, na makaburi ya ndani ya gofu hayana majina. Ni mawe ya shambani yaliyosimikwa tu, na kila ukoo unalijua lake kwa kulizoea. Siku ile mawe yote yalikuwa yamefunikwa. Wachimbaji wakakadiria kwa macho kutoka lile dirisha la mashariki, wakakosea, na mzee Tarpey akazikwa katika ardhi ya kina Heneghan. Theluji ilipoyeyuka, kila mtu akaona. Lakini Kiltarsna aliyekwisha kuzikwa hafukuliwi, hata awe amelala kwa nani. Mjane wake akamfuata palepale, na miaka ilivyokwenda mwana wao, baba yake Colman, naye akalazwa kwa wazazi wake. Basi Martin Heneghan, baba yake Dervla, alipofariki, hakupata nafasi kwa mama yake mzazi. Alipelekwa nje, kwenye ukuta wa kaskazini, chini ya miti, ambako jua halifiki na kunguru hawana adabu. Na Attracta, mkewe, tangu theluji ile hakumwamkia tena Tarpey yeyote. Kanisani, wakati wa kupeana amani, mkono wake uliwaruka kina Tarpey kama mtu anavyoruka dimbwi.

Colman aliutazama ukuta, akamtazama Dervla, akashusha pumzi.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alikuwa mmoja wa waliochimba. Baba yangu hakuchimba, maana mfiwa hachimbi, lakini alikwenda kuwapelekea wiski kwa ile baridi. Alikuwa amesimama juu yao. Beleshi la baba yako likagonga ubao. Akainama, akapangusa udongo kwa mkono, akaliona jeneza. Si alikuwa fundi? Alilitengeneza mwenyewe, la mama yake. Baba alisema uso ulimbadilika pale pale. Wenzake walikuwa upande mwingine hawakuona. Na jeneza la babu lilikuwa limeshafika langoni, bibi yangu anatetemeka kwenye theluji, hajala siku nzima, na wanawe wamemshika. Baba yako akaurudisha udongo juu ya ule ubao. Akasema, 'Hapa panatosha. Mleteni.' Halafu akamshika baba mkono, akamwambia asimwambie mtu. Baba hakumwambia mtu. Mimi aliniambia juma lile alilokufa."

Dervla alisikia mambo mawili kwa pamoja, na yote yalimchoma. Alimsikia baba yake, sauti yake hasa, akisema "hapa panatosha", maana ndivyo alivyokuwa akisema hata kwenye sahani ya chakula. Na alimsikia Colman, aliyekuwa na maneno hayo moyoni mwaka mzima, akiyatoa leo.

"Na unaniambia leo," akasema polepole. "Mwaka mzima umenishika mkono, umekaa nayo. Leo nimekataa, ndipo unayatoa."

"Niliahidi kuyaficha, Dervla."

"Kwa hiyo umemfukua baba yangu ili unishinde."

Colman akawa mweupe. Dervla alitamani kuyarudisha yale maneno, lakini yalikuwa yameshatoka na alikuwa na hasira bado.

"Sikutaka kukushinda," akasema Colman. "Nilitaka ujue kwamba hapakuibwa. Tulipewa."

"Kesho nitasimama na mama."

"Na mwaka kesho?"

"Na mwaka kesho, akiwa hai. Na mwingine."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ingekuwa hasira Dervla angejua la kufanya nayo. "Kaka yangu kule Boston ananiita tangu Pasaka. Nikawa namwambia subiri, subiri kidogo. Kumbe namsubirisha bure. Siwezi kukaa hapa, Dervla, kila mwaka nakutazama kutoka ng'ambo ya makaburi kama mtu na jirani. Wengine wanaweza. Mimi nitakufa."

"Basi nenda!" akasema, na machozi yakamtangulia hata kabla ya neno kwisha.

Colman aliichukua ile ndoo, akaijaza kisimani, akaibeba mpaka ukutani, akaiweka kando ya kaburi la Martin Heneghan bila kumwaga tone. Kisha akachukua fyekeo lake akaenda zake. Mzee Festus, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, safari hii alitafuna kiko tu.

* * *

Attracta Heneghan alikuwa anakanda mkate wa magadi, mikono imejaa unga mpaka viwiko, binti yake alipoingia jikoni akabwaga brashi kwenye beseni.

"Polepole na hilo beseni, halijakukosea."

"Nimemkataa," akasema Dervla. "Nimemkataa Colman. Anakwenda Boston. Haya, furahi."

Mama hakufurahi wala hakununa. Aliendelea kukanda. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kauli fupi, na parokia nzima ilimwogopa isipokuwa kuku wake.

"Umelia," akasema.

"Si kitu."

"Kakuambia nini?"

Dervla akavuta kiti, akaketi, na kwa kuwa alikuwa amechoka kubeba, akayamwaga yote. Ubao, wiski, bibi kwenye theluji, hapa panatosha. Alikuwa akitazama mikono ya mama yake. Ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, wala haikusita hata mara moja.

"Mama. Umesikia nilichosema? Baba alijua! Aliwaachia kwa kupenda!"

"Nimesikia. Sijawa kiziwi." Akaugeuza mkate, akaupiga kofi. "Na mimi nilijua."

Dervla akainua macho kutoka kwenye ile mikono, akautazama uso wa mama yake.

"Unadhani Martin Heneghan aliwahi kunificha kitu akaweza? Aliingia kwa mlango huo, theluji imemfika magotini, akaketi hapo ulipoketi. Akasema, 'Attracta, nimewapa kina Tarpey mahali petu.' Mimi nina mimba yako, miguu imevimba, nimemwandalia chai. Nikamwambia, petu? Umetoa pako umetoa na pangu, na mimi umeniuliza saa ngapi? Maana nilipoolewa niliambiwa nitalala pale, kwenye jua, kwa mama yake. Yule bibi alinipenda kuliko mama yangu mzazi. Unajua alivyonijibu baba yako? Alisema, 'Ungekuwapo ungefanya vilevile.' Halafu akanywa chai yake!"

"Na ungefanya?"

Mikono ikasimama.

"Ndilo nililojiuliza miaka yote," akasema Attracta. "Nadhani nisingefanya. Ningesema, chimbeni pengine, nendeni huko na wafu wenu. Hilo ndilo lililoniuma, Dervla. Alikuwa mwema kunishinda, na huo wema wake aliufanya kwa kitu changu."

Moto ulikuwa unatoa moshi. Nje kondoo wa jirani walikuwa wakilialia kwenye mvua iliyoanza.

"Sasa kina Tarpey ulikuwa unawachukia nini?"

"Ningefanyaje? Ukimkasirikia Martin, anakuchekea. Unamnunia juma zima, anakuletea maua ya porini. Nani anaweza kuweka hasira na mtu wa namna hiyo? Kina Tarpey walikuwa karibu, na hawakuwa wakicheka."

"Mama!" Dervla akainuka, kiti kikaanguka. "Ulisema nikisimama nao nisikuite mama tena! Ulilisema jikoni hapa, mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu!"

"Nilisema. Mimi nasema mengi."

"Na mimi nimesikiliza! Nimempoteza mtu ninayempenda, mtu pekee, kwa ajili ya kaburi ambalo wewe unajua lilitolewa bure! Ulitaka nini? Ulitaka nikuache pale ukutani peke yako, shangazi yake Delia Tarpey akutazame na ile kofia yake?"

Attracta alimtazama binti yake. Kitu fulani kilipita usoni pake, ambacho Dervla hakuwa amewahi kukiona hata siku ya mazishi.

"Umemkataa kwa sababu yangu," akasema. Haikuwa swali.

"Kwa sababu ya nani mwingine?"

Mama alichukua kisu, akauchora mkate alama ya msalaba, akauingiza kwenye tanuri, akafunga mlango wake kwa goti. Alipogeuka, uso ulikuwa umesharudi mahali pake.

"Kafungie kuku," akasema. "Mbweha hajui kwamba kesho ni Jumapili ya makaburi."

* * *

Kulipambazuka na manyunyu yale ambayo Kiltarsna hawayahesabu kuwa mvua. Misa ilipokwisha, watu wakamiminika makaburini, makoti yamefungwa mpaka shingoni, maua mikononi, wageni kutoka Uingereza wakijulikana kwa viatu vyao visivyofaa. Kila ukoo ukaenda kwa watu wake. Palitulia.

Dervla alisimama ukutani kando ya mama yake. Alijiapiza kwamba hatatazama upande wa gofu, akatazama. Walikuwako, chini ya dirisha: Colman na kofia mkononi, na shangazi yake Delia, mwanamke mnene mwenye kofia ya kijani iliyosimama kichwani kama kuku anayeatamia. Shangazi ndiye aliyemlea Colman baada ya mama yake kufa, na alikuwa amemwambia waziwazi kwamba binti wa Attracta Heneghan hataleta ile pua yake ya juu katika nyumba ya kina Tarpey. Colman hakuwa akitazama popote. Alikuwa ameinamia viatu vyake, na Dervla akaona jinsi mabega yalivyomwanguka, akajua kwamba ameshaondoka. Mwili tu ndio ulikuwa unangoja meli.

Mungu wangu, akasema moyoni, nipe nguvu nisimame hapa.

Padri Loftus alianzia makaburi ya nje. Alikuja taratibu na kitabu chake, watu wakiitikia rozari, maji ya baraka yakirushwa huku na huku bila kutofautishwa na manyunyu. Alifika ukutani, akalinyunyizia kaburi la Martin, akampa Attracta ishara ya kichwa, akaendelea kuelekea gofu.

"Nishike mkono," akasema Attracta.

"Unajisikia vibaya?"

"Nishike mkono, nimesema."

Na akaanza kutembea.

Sasa, hilo halifanywi. Padri akishaanza kubariki, hakuna anayetoka kwenye kaburi la watu wake mpaka amalize; hata wagonjwa huvumilia, hata watoto hubanwa na haja. Attracta Heneghan alikata katikati ya makaburi ya Kiltarsna mbele ya macho yote, amemshikilia binti yake, akikanyaga nyasi zilizofyekwa jana. Rozari ikayumba. Waliokuwa wanasema "utuombee" wakasema nusu yake. "Yesu na Maria," akasikika mzee Festus, na hiyo haikuwa sala.

"Mama, tunakwenda wapi? Mama, watu!"

"Hao watu nimezaliwa nao. Inama, mlango mfupi."

Wakaingia gofuni. Ndani hapakuwa na paa, mbingu ya kijivu tu, na kina Tarpey wote wamegeuka. Colman aliinua uso. Alimwona Dervla, na ule uso ukafunguka kwa hofu na tumaini mpaka Dervla akashindwa kuutazama.

Shangazi Delia akatangulia kusema. "Umepotea, Attracta?"

"Sijapotea. Sogea, Delia."

"Nisogee?"

"Mama mkwe wangu yuko hapo unaposimama, na sijamsalimu tangu ile theluji. Sogea."

Watu waliacha hata kujifanya wanasali. Wanawake hawa wawili walikuwa wameketi dawati moja shuleni, wakagawana peremende, wakasukana nywele, na tangu wakati wa theluji hawakuwa wamesemeshana hata salamu.

"Ungeweza kuja siku yoyote," akasema Delia, na sauti yake ilikuwa si ile aliyoanza nayo. "Hakuna aliyekufukuza."

"Najua. Nimekuja leo."

Delia akasogea. Alisogea kidogo, akafikiri, akasogea tena vizuri. Attracta akaingia katika nafasi ile, akainamisha kichwa, midomo ikamchezacheza. Alikuwa anamwambia nini yule bibi wa chini, hakuna aliyesikia. Alipoinua kichwa, macho yake yaliangukia kwa Colman, akampima kutoka juu mpaka chini kama mtu anayenunua fahali.

"Wewe ndiye wa Boston?"

"Ndiyo, mama."

"Boston kuna nini?"

Colman alimtazama Dervla. "Hakuna kitu, mama," akasema. "Hakuna kitu kabisa."

"Basi unangoja nini? Binti yangu amesimama huko nyuma analowa, na wewe una koti."

Kuna watu waliosema baadaye kwamba Colman Tarpey aliruka kaburi la babu yake. Si kweli. Alilizunguka kwa heshima zote, ila alilizunguka upesi sana. Akalivua koti, akalitandaza juu ya mabega ya Dervla, na mikono yake ikasahau kurudi.

"Jana nilikuambia maneno mabaya," akanong'ona Dervla. "Ya baba. Nisamehe."

"Nami ningekuambia mapema."

"Ungeniambia mapema. Ndiyo."

"Utasimama hapa?"

"Si nimesimama? Huoni?" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Akaupitisha mkono wake katika mkono wa Colman, mbele ya Kiltarsna nzima na wageni wake wa Uingereza. "Nimesimama, Colman. Sitoki tena."

Padri Loftus, ambaye ameona mengi lakini hili hakuwa ameliona, alisita mlangoni. Kisha akaendelea na sala zake, akanyunyizia kaburi, akawanyunyizia na waliosimama, na Colman na Dervla wakapata zaidi ya haki yao.

Alipopita, Shangazi Delia akakohoa. Alikuwa amevua ile kofia, hajui aiweke wapi.

"Attracta," akasema chini chini. "Hapa imebaki nafasi moja. Ilikuwa yangu, maana sina mume wa kunipeleka kwao. Nimekuwa nikifikiri, si leo tu... Mimi hata ukutani nitalala. Ichukue wewe. Ulale kwa mama mkwe wako, kwenye jua, kama ulivyoahidiwa."

Dervla alimshika mama yake kiwiko. Attracta Heneghan alilitazama lile dirisha la mashariki, tundu tupu lenye mwanga, mahali alipopalilia kwa macho miaka yote hiyo. Akashika mkono wa Delia, akaubana kwa nguvu, akauachia.

"Baki nayo, Delia," akasema. "Mimi siku yangu ikifika, mtanizika kule ukutani kwa Martin. Nina maneno naye."